Habari za Arizona, Nchi ya Jangwa



Wapenzi wasomaji, wazazi na walimu, wengi wenu mmetuandikia mkituuliza: "Twasikia mnakaa jangwani. Je, watu huishije mahali pasipo mvua? Mwala nini, mwanywa nini, na jua halijawaua?" Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa hata sisi tulikuwa nayo kabla hatujafika. Tulilelewa kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtoto hajui maana ya kukosa maji. Akitaka kuoga huteremka ziwani, akiona kiu hutia kata mtungini. Jangwa tulilijua katika Maandiko tu: jangwa la Waisraeli, jangwa la Yohane Mbatizaji, jangwa la Hajiri na mtoto wake. Sasa tumekaa jangwani miaka kadhaa, pamoja na ndugu wengi wa Kongo na Burundi ambao kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilikuwa njia yao ya kuja huku. Twapenda kuwaeleza kwa taratibu mambo tuliyoyaona. Na mwisho tutawaambia jambo moja lililotupata, ambalo ndilo sababu hasa ya kuandika.

Kwanza nchi yenyewe. Arizona ni jimbo moja la Marekani, upande wa kusini-magharibi, nalo limepakana na nchi ya Meksiko. Liliingia katika umoja wa majimbo tarehe 14 Februari 1912, likawa jimbo la 48. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 295,000 hivi, yaani karibu nusu ya Kenya. Msidhani ya kuwa jimbo lote ni mchanga mtupu. Kaskazini mna milima mirefu na misitu ya misonobari, na wakati wa baridi theluji huanguka. Huko ndiko liliko lile bonde kuu liitwalo Grand Canyon, lililochimbwa na mto Colorado. Lakini kusini, ambako watu wengi hukaa, ndiko kwenye jangwa la Sonora. Humo umo Phoenix, mji mkuu wa jimbo, na mji wa Tucson ulio kusini zaidi. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Phoenix haifikishi milimita 200.

Hata hivyo jangwa hili si nchi iliyokufa. Udongo wake ni mwekundu na mweupe, milima yake ni mikavu na yenye kingo kali, nayo wakati wa magharibi hugeuka rangi ya zambarau. Mbingu zake ni safi sana. Usiku mtu akitoka nje ya mji huziona nyota nyingi kama tulivyoziona utotoni tukivua dagaa. Na tangu Novemba hata Machi hali ya hewa ni ya kupendeza, hata watu wa majimbo ya baridi huja kwa maelfu kukaa huku miezi hiyo.

Lakini Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kuogopwa. Mwaka 2023, tangu tarehe 30 Juni hata tarehe 30 Julai, mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana halikukosa kufika digrii 43 za sentigredi. Wala usiku haukuleta nafuu, maana kwa siku 16 mfululizo joto la usiku halikushuka chini ya digrii 32. Na siku yenye joto kuu kupita zote zilizoandikwa katika mji huo ni tarehe 26 Juni 1990, lilipofika digrii 50.

Watu wa pwani watasema, "Joto sisi nasi twalijua." Lakini joto la huku ni la namna nyingine. Pwani jasho hulowesha shati, nawe wajua ya kuwa mwili wapungukiwa maji. Huku hewa ni kavu hata jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu hutembea, ngozi yake ni kavu, naye hudhani ana nguvu, kumbe mwili wake wakauka kama kuni juani. Mara kichwa chamwuma, mara miguu yalegea, mara amechanganyikiwa hata hajui aulizwalo. Hapo asipopata kivuli na maji na mtu wa kumsaidia, yu karibu na kufa.

Mwalimu wetu wa kwanza katika mambo hayo alikuwa bibi mmoja mwenyeji, mjane, aliyekaa peke yake katika nyumba iliyoelekeana na yetu. Tulipofika mwezi wa Mei mwaka 2022 na masanduku yetu machache, yeye ndiye aliyekuja kubisha mlangoni petu siku ya pili. Lugha yake hatukuijua vema, wala yeye hakujua hata neno moja la yetu. Lakini alitufundisha kwa mikono. Aliwaona watoto wetu pekupeku, akawashika mmoja mmoja akawavika viatu, kisha akatuonyesha lami ya barabarani huku akipuliza vidole kama mtu aliyeungua. Akachukua kiatu, akakikung'uta kizingitini, akatufahamisha ya kuwa nge hupenda kulala humo. Akatupa chupa za maji, akaonyesha jua, kisha chupa, kisha jua tena. Watoto wakamwita Bibi, nasi tukamwita vivyo hivyo.

Baadaye tuliona ya kuwa hakuna hata moja katika mafundisho yake lililokuwa la bure. Kila kiangazi hospitali za Phoenix hupokea watu waliounguzwa na lami, wazee kwa watoto, kwa kuwa walianguka barabarani wasiweze kuinuka upesi. Mlango wa gari hushikwa kwa kitambaa. Maji ya bomba yaitwayo ya baridi hutoka ya moto, maana mabomba hupita katika ardhi iliyochomwa na jua. Kazi za nje huanza kabla ya mapambazuko, na watoto hucheza usiku. Hata saa za jimbo hili hufuata desturi yake. Majimbo mengi ya Marekani husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, jua la jioni lipate kukawia. Lakini Arizona, isipokuwa nchi ya Wanavaho, imekataa kufanya hivyo tangu mwaka 1968. Nani huku atakaye jua likawie?

Kitu kinachowawezesha watu wengi namna hii kukaa hapa ni kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa ya nyumba. Mwaka 1940 watu wa Phoenix walikuwa 65,000 hivi. Kwa hesabu ya mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 1,600,000. Katika miaka hiyo mashine hizo zilienea nyumba kwa nyumba, na mji ukapanuka pamoja nazo. Huku kiyoyozi si anasa kama tulivyodhani tulipokuwa kwetu. Kikiharibika mwezi wa Julai, nyumba hugeuka tanuri kwa muda wa saa chache.

Na maji je, hutoka wapi? Habari hii yastahili kuelezwa vizuri. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa kale walichimba mifereji mirefu kutoka mto Salt ili kunywesha mashamba yao ya mahindi, maharagwe na pamba. Hawakuwa na chuma wala mnyama wa kuvuta. Walichimba kwa vijiti na mawe, wakabeba udongo kwa vikapu. Mifereji yao ilikuwa mamia ya kilometa. Karibu na mwaka 1450 kazi hiyo ilikoma, lakini alama zake zilibaki ardhini. Walowezi walipokuja katika karne ya 19 waliifuata ile mifereji na kuifukua. Mji wao wakauita Phoenix, jina la ndege wa hadithi za Kiyunani ambaye huteketea kisha huinuka tena katika majivu yake, kwa kuwa ulisimama juu ya magofu ya mji mwingine.

Mwaka 1911 likamalizika bwawa kubwa la Roosevelt, ambalo huhifadhi maji ya mto Salt. Lakini hayo hayakutosha. Basi tangu mwaka 1973 hata mwaka 1993 serikali ilijenga mfereji wa kilometa 541 kutoka mto Colorado, ulio mpakani upande wa magharibi, kupita Phoenix hata Tucson. Na kwa kuwa Tucson i juu kuliko mto, hapana budi maji yapandishwe kwa pampu, na jumla ya mwinuko huo ni zaidi ya mita 800. Mtu wa Tucson akifungua bomba hunywa maji yaliyopanda mlima.

Lakini mto Colorado nao umechoka. Majimbo saba ya Marekani yaliafikiana mwaka 1922 kugawana maji yake, wakakadiria mto kuwa na maji mengi kuliko yaliyomo kweli. Meksiko nayo ina fungu lake. Siku hizi kwa kawaida mto huo haufiki baharini, hukauka njiani. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 serikali ilitangaza upungufu kwa mara ya kwanza, na fungu la Arizona likapunguzwa mwaka uliofuata. Walioumia kwanza ni wakulima walio kati ya Phoenix na Tucson, ambao mashamba yao mengi yalibaki bila kupandwa.

Tena iko habari ya dhuluma ambayo Mkristo hapaswi kuipita. Wenyeji wa asili wa nchi hii ni Waodham. Wako waitwao watu wa mto, Akimel O'odham, waliolima kandokando ya mto Gila kwa mamia ya miaka. Hata walowezi wa kwanza walipopita hapa na njaa, ni wao waliowauzia ngano. Mwisho wa karne ya 19 walowezi wakaugeuza mto huo upande wa juu, watu wa chini wakakosa maji, mashamba yakafa, njaa ikawaingia watu waliokuwa wakiwalisha wengine. Mwaka 2004 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwarudishia fungu lao la maji. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita.

Ndugu zao wa jangwani huitwa Tohono O'odham, na maana ya jina hilo ndiyo hiyo hiyo, watu wa jangwa. Hao hawakuwa na mto. Walipanda maharagwe madogo yastahimiliyo ukame, wakayapanda mahali ambapo maji ya mvua hushuka kwa ghafula kutoka milimani, nayo yakaiva kwa mvua chache. Pia wana mti mmoja waupendao kuliko miti yote, uitwao saguaro.

Mti huo ni wa jamii ya mpungate, nao hauoti kwa asili yake ila katika jangwa hili la Sonora. Husimama kama nguzo ya kijani, una miiba tele, na mikono yake imeinuliwa juu kama ya mtu asaliye. Hufika urefu wa mita 12 na zaidi, nao waweza kuishi miaka 150 au hata 200. Ngozi yake imekunjwa kama marinda. Mvua ikinyesha marinda hukunjuka, mti ukanenepa kwa maji, na wakati wa ukame hujikunja tena. Usiku hutoa maua meupe, na popo huja kunywa asali yake. Katika mwezi wa Juni na Julai matunda yake mekundu huiva, nao Waodham huyaangua kwa miti mirefu iliyofanywa kwa mbavu za saguaro aliyekwisha kufa.

Lakini lililotushangaza zaidi ni utoto wake. Mti huu mkubwa katika miaka minane ya kwanza hukua sentimita tatu au nne tu. Ukiota peke yake juani hufa. Huota chini ya mti mwingine wenye kivuli, ambao huukinga na jua la mchana na baridi ya usiku, na watu wa huku huuita ule mti mwingine mlezi. Hupita miaka 50 au 75, au zaidi, kabla mkono wa kwanza wa saguaro haujachipuka. Tulipoelezwa hayo tulimkumbuka Bibi na vile viatu vya watoto.

Kusini kidogo ya Tucson, katika nchi ya Waodham, liko kanisa ambalo kila Mkristo apitaye huku hulizuru. Ni kanisa jeupe, huonekana toka mbali katika uwanda mkavu. Padre Eusebio Kino, Mwjesuiti, alifika katika kijiji hicho cha Bac mwaka 1692, akakiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Padre huyo alisafiri kwa farasi maelfu ya kilometa jangwani, akiwaletea watu Injili pamoja na mbegu za ngano na ng'ombe. Ngano ilikuwa faida kubwa, kwa maana hulimwa wakati wa baridi, wakati ambao mahindi hayawezi kumea. Alifariki mwaka 1711. Kanisa lililopo sasa lilijengwa na mapadre Wafransisko pamoja na Waodham, tangu mwaka 1783 hata 1797, na hata leo Waodham husali humo. Nasi tulipiga magoti humo, tukawaza ya kuwa mahali hapa palichaguliwa kwa sababu moja: jina la Bac maana yake ni mahali maji yanapotokea. Hata mmisionari asingeweza kujenga jangwani pasipo kisima.

Sasa neno juu ya mvua. Huku mvua zina nyakati mbili. Wakati wa baridi hunyesha mvua ya polepole. Katika Julai na Agosti huja mvua ya radi, na wenyeji huiita kwa jina ambalo asili yake ni moja na neno letu "musimu", yaani lile neno la Kiarabu ambalo mabaharia wa pwani yetu walilitumia kwa pepo zao za biashara. Tulifurahi kulisikia, kana kwamba tumekutana na mtu wa kwetu. Kabla ya mvua hiyo mara nyingi huja dhoruba ya vumbi, nayo pia huitwa kwa neno la Kiarabu, "habub", kama waitavyo watu wa Sudani. Tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa vumbi ulioinuka zaidi ya kilometa moja na nusu, na upana wake karibu kilometa 160, uliifunika Phoenix. Mji ukaingia giza.

Nchi ikiwa imekauka sana, maji ya mvua hayanywi ardhini, hukimbia juu yake. Korongo lililokuwa kavu asubuhi, watoto wakicheza ndani yake, jioni laweza kuwa mto wa kubeba gari. Iko sheria katika jimbo hili ya kuwa mtu akipita kizuizi cha barabara na kuingia katika mafuriko, hutozwa gharama za kumwokoa. Hivyo jangwani watu hufa kwa kiu, na watu hufa kwa maji.

Na kuna waendao wenyewe katikati ya jangwa kwa miguu. Mpaka wa Meksiko u karibu, na maskini wengi watafutao kazi au usalama huvuka huko pasipo njia, wakachukua maji yasiyotosha, wakafa. Tangu mwaka 2000 Wakristo na watu wengine wa Tucson, katika chama kiitwacho Humane Borders, wameweka mapipa ya maji jangwani, na juu yake bendera ya buluu ipate kuonekana mbali. Watu hushindana sana juu ya mambo ya mpaka, wala sisi wageni si waamuzi wao. Lakini maji kwa mwenye kiu, Bwana wetu amekwisha kusema habari zake, hata kikombe kimoja.

Basi twaja kwenye jambo tuliloahidi.

Katika zile siku 31 za mwaka 2023 tulijifungia ndani kama watu wote, mapazia yakiwa chini. Kiyoyozi cha Bibi kilikuwa dirishani pake. Siku zote kilinguruma, kikadondosha maji katika kopo aliloliweka chini, naye jioni aliyatumia maji hayo kumwagilia maua yake. Siku moja mtoto wetu wa miaka sita akasema: "Mashine ya Bibi imenyamaza, na kopo lake ni kavu." Tukamjibu: "Labda amekwenda kuwatembelea wanawe." Kesho yake akasema tena. Tukamjibu: "Mwanangu, si adabu kuchungulia nyumba za wakubwa."

Wasomaji wapenzi, ninyi mwaijua adabu yetu. Mtu husimama mlangoni akapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi zake. Lakini sisi hatukupiga hata hodi ya kwanza. Tulikuwa tumeambiwa ya kuwa watu wa nchi hii hawapendi kusumbuliwa, tukalishika neno hilo kwa sababu lilitufaa. Tusifiche: tuliliogopa lile jua la hatua ishirini kati ya mlango wetu na wake.

Siku ya tatu, jioni, mama wa nyumba yetu alipika maharagwe akasema, "Mpelekeeni Bibi sahani moja." Tukaenda, tukabisha, kimya. Tukabisha tena, kimya. Ndipo tukakimbia kumwita msimamizi mwenye funguo. Mlango ulipofunguliwa, hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri la mikate. Bibi alikuwa amelala sakafuni jikoni, karibu na bomba. Alikuwa angali hai, ila hakutujua. Gari la wagonjwa likaja upesi, wakamzungushia barafu, wakampeleka hospitali. Alifariki usiku ule. Mezani pake palikuwa na karatasi iliyoandikwa siku ambayo fundi wa kiyoyozi angekuja. Siku hiyo ilikuwa imekwisha kupita.

Wilaya ya Maricopa, ambamo umo mji wa Phoenix, huhesabu kila mwaka watu waliokufa kwa ajili ya joto. Mwaka 2023 walikuwa 645. Mwaka 2024 walikuwa 608. Wengi hufa nje, hasa watu wasio na nyumba. Lakini wako wafao majumbani mwao, na katika nyumba nyingi za hao kiyoyozi huwamo, ila hakifanyi kazi. Katika wale 645 mmoja twamjua sisi. Ndiye aliyewavika watoto wetu viatu.

Mababu zetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wageni tulikuwapo, umbali wa hatua ishirini, wala mwenyeji hakupona. Mtoto wa miaka sita aliona, akasema mara mbili. Sisi wakubwa, tufundishao watoto wa wengine katekisimu na kuwauliza jirani yao ni nani, tulimnyamazisha.

Baada ya maziko tuliwakusanya watu wa Kiswahili baada ya Misa, tukawaeleza yote kama tulivyowaeleza ninyi, tusiache kosa letu. Tukapatana hivi. Tangu Mei hata Septemba kila nyumba itakuwa na milango miwili ya kuangalia, asubuhi na jioni, na mmoja wa hiyo uwe wa mtu asiye wa kabila letu wala lugha yetu. Mtu asiende mikono mitupu, ila achukue chupa ya maji. Na hodi isiyoitikiwa, ambayo kwetu ni sababu ya kurudi, huku iwe sababu ya kutafuta ufunguo. Tangu hapo tumefungua milango miwili kwa njia hiyo. Katika mmoja alikuwamo mzee aliyelala usingizi tu, akatukasirikia sana. Katika wa pili alikuwamo mtu mwenye homa ya joto, naye yu hai hata leo.

Kwa hiyo, mkituuliza tena maisha ya jangwani ni ya namna gani, tutawajibu ya kuwa hapa hakuna mtu aishiye kwa nguvu zake mwenyewe. Maji anywayo yametoka katika mto wa mbali kwa kazi ya mikono ya watu asiowajua. Hewa avutayo yatoka katika mashine ambayo yaweza kuharibika leo usiku. Na siku itakapoharibika, tumaini lake ni mtu atakayebisha mlango. Hajiri alipomlaza mtoto wake chini ya kichaka, akakaa mbali asimwone akifa, Mungu alimfumbua macho akaona kisima. Sisi macho yetu yalifumbuliwa tumekwisha kuchelewa, nasi twaomba yasifumbwe tena.

Ninyi mnaokaa karibu na ziwa au mto, mshukuruni Mungu kwa maji. Lakini mlango uliofungwa siku tatu uko hata kwenu, na mara nyingi watoto ndio huuona kwanza. Wasikilizeni.

Siku hizi, jioni jua likishuka, watoto wetu huenda mlango kwa mlango na chupa zao, wakiita "Hodi! Hodi!" kwa sauti kubwa. Wazee wa mtaa huu, ambao hawajui neno jingine la Kiswahili, wamekwisha kujifunza kujibu, "Karibu."

Salamu nyingi kwa nyumba zenu zote. Tuombeeni, nasi twawaombea.